Maji Yamwagike Makusudi

Mafundi wa mabomba wa Kitui Kusini tulijifunza kazi yetu kinyumenyume. Kwingine fundi huanza kwa kuiogopa presha, ndipo afundishwe kuyafunga maji. Sisi wa Mutomo tulizaliwa tukijua kufunga. Mtoto wa hapa hugombezwa kwa kumwaga kikombe cha maji kabla hajajua kosa lingine lolote, na akikua akapewa spana, mkono wake huenda wenyewe upande wa kukaza. Valvu ya kufungia tuliielewa siku ya kwanza. Valvu ya kuachilia, ile ambayo kazi yake yote ni kumwaga, ilituchukua miaka mingi, na wako ambao hadi leo hawajaikubali.

Elimu yenyewe haikuanzia kwetu. Ilianzia ng'ambo ya mto Athi, kwenye reli. Ukitoka Mutomo unapita Ikutha, unapanda mgongo wa Yatta, ule ukuta wa lava unaoandamana na Athi kwa mamia ya kilomita, unashuka, unavuka mto, unatokea Kibwezi. Siku hizi ni lami. Zamani ilikuwa safari ya miguu, na kijana aliyetafuta kazi ya mshahara aliifunga akijua kwamba atarudi na sauti ya garimoshi masikioni au hatarudi kabisa.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Ilipokuwa inavuka Tsavo mwaka 1898, Ukambani ulikuwa katikati ya njaa ambayo wazee waliiita Ngomanisye. Wajenzi walikuwa wamekwisha kupita nyika ya Taru, ambako maji ya vibarua na ya injini yalibidi yaletwe na treni yenyewe. Kwa hiyo mashine ya kwanza ya presha kuonwa na watu wetu ilikuwa ni kitu chenye kiu kuliko zizi zima la ng'ombe, kikipita katika nchi ambayo watu huchimba mchanga wa mto kutafuta maji ya kunywa. Tena mara kwa mara, mbele ya macho yao, kilitoa mlio wa kupasua masikio na kuyarusha maji hayo hewani yakiwa mvuke.

Baba yangu alikuwa mtia moto kwenye injini hizo miaka ya 1950 na 1960, na makao yake yalikuwa Makindu. Kwake yeye mlio ule ulikuwa aibu. Mtia moto hodari aliijua njia: hapa kuna mlima, ongeza moto, pale tunateremka kuelekea stesheni, punguza mapema. Aliyeiacha valvu ya usalama ilie akiwa amesimama stesheni aliambiwa na wenzake kwamba anachemshia maji mashetani. Mafuta yamepotea, maji yamepotea, na yote mawili yana bei. Lakini baba alikuwa na sentensi moja aliyoirudia hata alipokuwa mzee wa kuota jua: ukiisikia ikilia umekosea, usipoisikia kabisa mwaka mzima umekufa na hujui. Alimaanisha kwamba valvu isiyofunguka kamwe huenda imegandamana na kiti chake, na siku ya kuhitajika itabaki kimya.

Injini alizozisifu zaidi ni zile Garratt za daraja la 59. Zilitengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, zikawa 34, kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Zilikuwa na uzito wa tani 252 hivi, na hakuna injini ya mvuke ya reli ya mita moja iliyowahi kuzishinda nguvu duniani. Mount Gelai, namba 5918, iko kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Ukienda, panda juu ya boila utazame. Presha yake ya kazi ilikuwa pauni 225 kwa kila inchi ya mraba. Kwa vipimo vya mtu wa maji, hiyo ni nguzo ya maji yenye urefu wa zaidi ya mita 150, iliyobanwa ndani ya pipa la chuma lenye moto, umbali wa hatua chache kutoka mahali baba alipokuwa akila chapati yake.

Nilipopata elimu kidogo ya hesabu nilitaka kujua boila kama lile linahitaji tundu la ukubwa gani. Kanuni ya zamani ya Bodi ya Biashara ya Uingereza ni nyepesi. Chukua 37.5, igawe kwa presha kamili, yaani ile ya geji ukiongeza pauni 15 za hewa. Jibu ni inchi za mraba za valvu kwa kila futi ya mraba ya wavu wa moto. Kwa boila la kale la pauni 60, unagawa kwa 75, unapata nusu inchi ya mraba. Kwa Garratt unagawa kwa 240, unapata kama 0.156. Wavu wake ulihesabiwa futi za mraba 72, kwa hiyo jumla ni inchi za mraba 11 na robo.

Hapo ndipo nilipokwama, na kila mwanafunzi niliyemfundisha baadaye alikwama papo hapo. Presha imepanda karibu mara nne, na tundu limepungua! Akili ya kawaida inataka kinyume chake: hatari kubwa, mlango mkubwa. Sababu ni kwamba mvuke uliobanwa sana ni mzito, na uzito mwingi hupenya kwenye tundu dogo kwa sekunde ile ile. Kinachopaswa kutoka ni uzito wa mvuke ambao moto unaweza kuutengeneza kwa saa. Ndiyo maana kanuni inataja wavu, yaani moto, na wala haitaji ukubwa wa pipa. Mtu anayechagua valvu ya usalama kwa kutazama ukubwa wa tangi amelitazama tangi, moto hajauona. Kanuni yenyewe ilitungwa enzi za makaa ya kusukumwa kwa sepetu, na injini za baba zilichoma mafuta mazito, kwa hiyo jibu langu ni la kuanzia tu. Ila fikra iliyomo ndani yake haijazeeka.

Kuna jambo la pili ambalo kanuni hiyo inalificha. Eneo la kiti si eneo la njia. Valvu za kale zilijiinua kidogo mno, na mvuke ulitoka kwenye ufa mwembamba wa kuzunguka. Ili ufa huo ulingane na tundu lenyewe, kifuniko lazima kiinuke robo ya kipenyo. Chora duara, zidisha mzingo wake kwa kimo cha kuinuka, utaliona. Leo valvu mbili za inchi mbili zinaweza kukaa kando kwa kando kwenye rafu, zikafanana kama mapacha, moja ikipitisha mara kadhaa ya mwenzake kwa sababu ya hicho kimo cha kuinuka tu. Muuza duka hatakwambia. Imeandikwa kwenye kibati kidogo cha aluminiamu ambacho watu hukibandua wakidhani ni tangazo.

Watu wa reli walijua pia kwamba adui wa valvu ni binadamu. Huko Uingereza madereva wa mwanzo walikuwa wakining'iniza uzito kwenye mkono wa valvu ili wapate presha zaidi mlimani. John Ramsbottom alilimaliza hilo katika miaka ya 1850 kwa ubunifu ninaoupenda hadi leo: viti viwili, springi moja katikati, mkono mmoja juu. Ukiukandamiza mkono upande mmoja, upande wa pili unalegea. Ujanja ulizuiwa na umbo lenyewe, bila askari wala ilani ukutani. Nitarudi kwenye wazo hili, kwa kuwa Mutomo tulilihitaji kuliko Manchester.

Jikoni, kumbe, valvu ya usalama ilikuwa imefika mapema zaidi. Denis Papin, Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi London, alionyesha chungu chake cha presha mwaka 1679 mbele ya wataalamu, akitaka kulainisha mifupa iliwe. Juu aliweka kijiti chenye uzito wa kukandamiza tundu. Presha ikizidi, uzito unainuka. Sufuria ya presha ambayo walimu na manesi wa Mutomo walianza kupikia muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, kwa kuwa kuni zimekwisha na muthokoi hauna haraka, ina kichwa hicho hicho. Nimewahi kuombwa na jirani nimchongee uzito mkubwa zaidi ili maharagwe yaive upesi. Nilimwambia, "Mwaitu, nitakuchongea mwiko." Alinuna, lakini jiko lake halikulipuka.

Ilipofika miaka ya 1960, Masista wa Mercy kutoka Ireland walianzisha hospitali Mutomo, na pahali penye upasuaji hapakosi otoklevu, lile pipa la kuchemshia vyombo kwa mvuke. Nyuzi 121, pauni kama 15. Ukilinganisha na Garratt ni mchezo. Lakini katika zahanati na hospitali za nyika, otoklevu ndiyo iliyotuletea adabu ya presha upande huu wa Athi, kwa sababu ilikuja na vitabu, na wenyewe waliosimamia vitabu hivyo hawakuwa na mzaha. Otoklevu nilizijua nikiwa kijana wa kumbebea vifaa fundi mmoja mzee. Alinifundisha mambo ambayo baadaye niliyakuta katika sheria na viwango: presha ya kufungukia valvu ya usalama isizidi ile ambayo chombo kinaruhusiwa, ikishafunguka kabisa presha isipande zaidi ya asilimia 10 hivi, kati ya chombo na valvu hiyo pasiwe na geti valvu wala koki ya namna yoyote, bomba lake la kutolea lisiwe jembamba kuliko mdomo wake. Sheria ya Viwanda ya Kenya, Sura ya 514, ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, ilitaka boila liwe na valvu ya usalama, geji na kioo cha kuonea maji, na likaguliwe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 iliyachukua hayo.

Lakini sheria ina safari ndefu kutoka Nairobi hadi huku. Katika shule moja ya bweni, sitaitaja, nilikuta boila la jikoni ambalo valvu yake ilikuwa imetolewa na mahali pake pamezibwa kwa plagi ya nusu inchi. Katani ilikuwa imezungushwa vizuri, rojo ya boss white imepakwa kwa kipimo, tredi haivuji hata tone. Ilikuwa kazi safi. Aliyeifanya bila shaka aliitazama akafurahi: valvu ilikuwa ikidondosha maji kila siku, naye ameponya ugonjwa.

Nchini Marekani hatari ya boila walijifunza kwa damu. Machi 1905 boila la kiwanda cha viatu cha Grover, mjini Brockton, lilipasuka na watu 58 wakafa; kufikia 1915 wahandisi wa huko walikuwa wamechapisha kanuni zao za boila, ambazo vibati vya valvu nyingi nzuri duniani bado vinazitaja. Sisi hatukuwa na Brockton. Tulikuwa na kiu, na kiu ikatufundisha kitu kingine.

Sasa nije kwenye maji yenyewe. Mutomo imezungukwa na majabali, yale mawe makubwa yanayochomoza peke yake uwandani. Serikali ya kikoloni, kupitia ile bodi iliyojulikana kama ALDEV, ilijenga vizuizi juu ya majabali ya Kitui katika miaka ya 1950. Mvua ikinyesha juu ya jiwe haina pa kuzama, inatiririka, unaikinga. Hesabu yake humfurahisha mtu yeyote: hekta moja ya mwamba na milimita 300 za mvua ni mita za ujazo 3,000. Katika miaka ya 1980, muongo ulioanza kwa ukame na kutuletea njaa ya Nikwa Ngwete, watu walipokufa njaa na pesa ziko mkononi, Danida ilifadhili mradi wa Mutomo wa kuhifadhi udongo na maji. Majabali mengi yakapata kuta, gata za mawe na matangi. Erik Nissen-Petersen, Mdenmark aliyeishi na kufanya kazi Ukambani miaka mingi, alikuja kuyaandika maarifa ya namna hii katika vijitabu vya mwaka 2006 ambavyo mafundi bado wanavinakili kwa fotokopi hadi herufi zinafutika. Mawe yalibebwa na mwethya, vikundi vyetu vya kusaidiana kazi. Akina mama walipanga mstari, jiwe likatoka mkono hadi mkono mpaka juu ya jabali.

Angalia basi kilichotokea. Tumeyaweka maji juu, na watu wako chini. Kila mita 10 za kimo ni baa moja ya presha (si ile ya kunywea). Mahali ambapo kwa karne nyingi hofu ilikuwa maji kukosekana, ghafla maji yana nguvu, na hakuna aliyezaliwa na hofu ya nguvu hiyo.

Katika mradi mmoja niliouhudumia, tangi lilikuwa mita 85 juu ya kioski. Mabomba yaliyoletwa yalikuwa ya plastiki daraja B. Mafundi wa Kenya wanajua ngazi hizo: B mita 60, C mita 90, D 120, E 150. Lakini mchana kila kitu kilikwenda sawa. Akina mama wakifungua mabomba yote, maji yakikimbia, msuguano ndani ya bomba unaila presha, na kioskini inabaki kidogo. Wakubwa walikuja mchana, wakafungua, wakapiga picha, wakaondoka. Usiku kioski kimefungwa, maji yamesimama, msuguano haupo, na mita 85 zote zinalikalia bomba la mita 60. Mabomba ya Mutomo yalikuwa yakipasuka usiku wakati hakuna anayeteka maji. Kwa muda mrefu lawama zilikwenda kwa fisi, kwa wachawi, na kwa ukoo fulani usioelewana na mwenyekiti.

Tena kulikuwa na kishindo cha jioni. Muuza maji akimaliza hesabu yake huupiga ule mkono wa koki ya robo mzunguko, pa! Maji yaliyokuwa yakikimbia husimama ghafla. Nikolai Zhukovsky alilipima jambo hili kwenye mabomba ya maji ya Moscow, na kufikia 1898, mwaka ule ule wa Tsavo na Ngomanisye, alikuwa amepata kanuni yake: ukiyasimamisha ghafla maji yanayokwenda mita moja kwa sekunde ndani ya bomba la chuma, presha inaruka kwa baa kumi au zaidi. Kwenye plastiki, kwa kuwa inanyumbuka, ni kama nne. Nne juu ya nane na nusu, kwa bomba la sita. Kwa hiyo kwenye mstari mrefu mimi hupenda geti valvu ya mzunguko, ile wanayoiita pegler madukani hata kama imetoka India. Uvivu wa kuizungusha ndio usalama wake. Ila isitumiwe kupunguzia maji, maana kabari yake ikibaki nusu wazi hupigwapigwa na maji hadi inalika, na siku ya kufunga haifungi. Wengi hufanya hivyo. Nimechoka kusema.

Dawa ya kitabuni ilikuwa valvu ya kupunguza presha na, baada yake, valvu ya kuachilia. Zikaletwa. Hapa nitaeleza kidogo kwa sababu ndipo pesa nyingi zimepotea Ukambani. Bomba ni la inchi tatu, basi watu hununua valvu ya kupunguza ya inchi tatu. Katalogi ina namba inayoitwa Kv: mita za ujazo zinazopita kwa saa presha ikishuka baa moja. Kama nataka mita za ujazo 10 kwa saa na nataka kuua baa nne, nagawa 10 kwa kipeuo cha pili cha nne, ambacho ni mbili. Napata tano. Valvu ya inchi tatu ina Kv mara nyingi zaidi ya hapo. Itafanya kazi ikiwa karibu imefungwa kabisa, itatetemeka, itagonga usiku kucha na kujitafuna kiti. Niliyoihitaji ni ndogo, ya inchi moja na nusu au chini ya hapo, yenye vipunguzio pande zote mbili. Kamati ziliiona hiyo kama wizi: fundi ameweka valvu ndogo, amekula tofauti.

Na valvu ya kuachilia je? Swali lake ni kama lile la wavu wa moto. Usiulize siku ya kawaida kutapita nini, maana siku ya kawaida hakupiti kitu. Uliza valvu ya kupunguza ikikwama wazi, mlimani kutakuja maji kiasi gani, na yote hayo yatoke hapa. Tuliipima hivyo, tukaifunga mahali pa chini kabisa, tukaweka bomba la kutolea korongoni.

Usiku wa kwanza ilifanya kazi yake ikatema. Asubuhi korongo lilikuwa limelowa. Kufikia jioni ilikuwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli na kabari ya mti, kwa ustadi ambao ningeutamani kwa vibarua wangu. Tukaifungua. Ikafungwa tena. Mkutano ukaitwa chini ya mti, na mama mmoja wa makamo, ambaye mgongo wake ulikuwa umebeba mitungi tangu kabla sijazaliwa, alisimama akaniuliza bila hasira, "Mwanangu, umesoma mpaka ukafika mahali pa kutuambia maji yamwagike makusudi?"

Nilimweleza kuhusu baa na mita. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. Kisha akasema kwamba kama lazima yamwagike, basi yamwagike penye mdomo.

Nimesoma vitabu kadhaa vya valvu na sijaona sentensi iliyoshika jambo kama hiyo. Viwango vyote hudhani kwamba anayekaa karibu na valvu anataka ifunguke inapopaswa. Kwetu jirani wa valvu ana kila sababu ya kuiziba, na sababu yake si ujinga. Ramsbottom alimjua dereva mwenye haraka. Hakumjua mama mwenye kiu. Kwa hiyo tuliacha kupigana. Mstari ule tuliukata katikati ya mteremko tukajenga tangi dogo la kuvunja presha: maji yanaingia kupitia valvu ya boya, yanakutana na hewa, presha yote inakufa, na kutoka pale yanaanza upya kwa mita 40 tu. Boya likikwama maji yanafurika juu kupitia bomba la kufurikia, ambalo lazima liwe nene kuliko la kuingizia, na halina geti wala koki ya mtu kukaza. Bomba hilo tukalielekeza kwenye hori la saruji la punda. Sasa maji yanapomwagika yana mwenyewe, na bomba likizibwa, wenye punda watakuwa wa kwanza kulia.

Vivyo hivyo na valvu za hewa kwenye vilele vya mstari, zile zinazopiga chafya maji yanapoingia; na zile za kusafishia matope mabondeni. Popote palipo na tone, weka chini yake kinywa cha kulipokea. Visima virefu vya upande wetu vina shida nyingine, chumvi. Maji ya chumvi hunyonya zinki kutoka kwenye shaba nyeupe ya bei rahisi, valvu ikabaki na rangi nzuri ya waridi na uimara wa biskuti. Hapo afadhali plastiki, au ile pampu ya mkono ya Afridev ambayo ilifanyiwa majaribio Kwale miaka ya 1980, yenye valvu za mpira na plastiki ambazo mwanamke mwenye spana moja anaweza kuzibadilisha mwenyewe.

Ng'ambo ya Athi presha imeendelea kukua bila sisi. Mvuke uliondoka relini, lakini kuanzia 1978 bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi, kilomita 450, linapita Makueni likisukumwa na mitambo ya Mtito Andei na Sultan Hamud. Kupandisha mafuta kutoka baharini hadi uwanda wa Nairobi hakuwezekani kwa pampu moja, maana bomba la chini lisingestahimili. Mwaka 2015 mafuta yalivuja yakaingia mto Thange, karibu na Kibwezi, na watu wa huko wanajua sasa kwamba kuna kitu ambacho hutaki kimwagike penye mdomo. Kalamba nako, huko huko Makueni, kuna kiwanda cha kaunti cha kusindika maembe. Kijana mmoja niliyemfundisha aliniletea kibati cha valvu ya mvuke kutoka kiwanda kingine, akitaka nimsomee. Nilimuuliza kwanza moto wake ukoje. Alicheka, akasema alijua nitauliza hivyo.

Hori lile la punda bado lipo. Mgogoro wake wa sasa ni wa aina nyingine. Kamati inadai kwamba maji ya kufurika nayo ni maji ya mradi, yauzwe walau kwa nusu bei. Wenye punda wanasema maji yaliyokwisha kumwagika hayana bei. Katika mkutano wa mwisho niliohudhuria, kijana mmoja wa kamati alipendekeza tufunge koki ndogo kwenye bomba la kufurikia ili mauzo yadhibitiwe, nikaomba nafasi ya kusema, na mwenyekiti akasema, "Mzee, keti, sote tunajua utakachosema." Koki haikufungwa. Bei bado haijakubaliwa.